Muulize Dada wa Hesabu: Texas haidai kodi ya mapato, nyumba ndiyo inayodai

Barua za kuhama jimbo zimejaa mezani. Nimechukua tatu. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwa sababu inafanana na nyingine nyingi ambazo sitaweza kuzijibu moja moja.

Shikamoo dada. Mimi na mke wangu tunakaa Brooklyn Park, Minnesota, na watoto wawili. Mimi ni dereva wa lori, mwenzangu ni muuguzi, kwa pamoja tunaingiza kama dola 120,000 kwa mwaka. Nyumba tuliinunua mwaka 2021 kwa dola 300,000, tukatanguliza asilimia 20, mkopo ni wa miaka 30 kwa riba ya asilimia 3. Kodi ya majengo ni dola 4,200 kwa mwaka na bima 2,600. Jimbo linatukata kodi ya mapato kama dola 5,500. Shemeji yangu yuko Katy, karibu na Houston, na kila tukiongea ananicheka: "Huku jimbo halikudai hata senti kwenye mshahara, wewe unang'ang'ania barafu ya nini?" Ametuonyesha nyumba mpya ya vyumba vinne kwa dola 360,000. Mwuzaji anasema kodi ya majengo ni "kama mia na ishirini hivi kwa mwezi". Tukihama tutaokoa kiasi gani? — Baba wa Wawili, Minnesota

Marahaba, mdogo wangu. Kuhusu mshahara shemeji yako amesema kweli. Texas haina kodi ya mapato, na tangu mwaka 2019 katiba ya jimbo inakataza kuianzisha. Ila shule za huko zinafunguliwa kila asubuhi na polisi wanalipwa. Fedha hizo zinatoka kwenye kodi ya mauzo na kwenye nyumba za watu. Kwa hiyo usipime kodi moja ya Minnesota na kodi moja ya Texas. Pima nyumba unayokaa na nyumba unayoitaka, kila moja na bili zake zote za mwaka.

Tuanze na hiyo mia na ishirini, maana ndiyo iliyonifanya niivute barua yako kutoka kwenye rundo.

Texas hutoza kodi kwa jinsi mali ilivyokuwa tarehe 1 Januari. Kama siku hiyo palikuwa na kiwanja kitupu na nyumba ikamalizika Agosti, bili ya mwaka huo inahesabu kiwanja peke yake. Tuseme kiwanja kimethaminiwa dola 58,000, na viwango vyote vya eneo hilo vikijumlishwa ni asilimia 2.45. Bili inakuwa dola 1,421, yaani 118 kwa mwezi. Hiyo hapo mia na ishirini yako. Mwuzaji amekuonyesha bili halali kabisa, ya nyumba ambayo haikuwepo.

Mwaka unaofuata nyumba inaingia kwenye daftari la kaunti. Wakati huo mkopeshaji amekuwa akikukata 118 kila mwezi na kuiweka kwenye eskro, ile akaunti anayoishika yeye ili akulipie kodi na bima. Bili halisi inatua: dola 7,350. Mkopeshaji anailipa, kisha anakuandikia. Pengo la dola 5,929 ulirudishe kwa miezi 12, sawa na 494 kwa mwezi, na juu yake anza kuweka 612 kwa ajili ya bili ijayo. Umetoka 118 hadi kama 1,107 kwa mwezi, na riba ya mkopo haijasogea hata nukta. Nilifanya kazi kwenye ofisi ya mikopo ya nyumba miaka mingi, na hiyo barua ya upungufu wa eskro ndiyo iliyowaleta wateja mlangoni bila miadi, wameikunja mkononi, wanauliza kwa nini tumewapandishia riba. Wakopeshaji makini huhesabu nyumba iliyokamilika tangu mwanzo. Wako muulize, na jibu alitoe kwa maandishi.

Sasa hiyo 7,350 imetoka wapi? Fungua tovuti ya ofisi ya uthamini ya kaunti na uandike anwani ya nyumba jirani ambayo watu wameshahamia mwaka mmoja au miwili nyuma. Utaona orodha ya wadai: wilaya ya shule, kaunti, mara nyingi na idara ya mafuriko, zimamoto, chuo cha jamii. Kwenye mitaa mipya iliyo nje ya mipaka ya jiji utakuta na MUD. Hii ni wilaya ya huduma iliyokopa kwa hati fungani ili kulaza mabomba ya maji safi, majitaka na mifereji kabla hata nyumba moja haijasimama. Deni hilo wanalilipa wenye nyumba. Mtaa ukiwa mchanga kiwango huwa juu, kisha kwa kawaida huteremka kadiri nyumba zinavyoongezeka na wa kugawana deni wanavyokuwa wengi. Sheria ya Texas inamtaka mwuzaji akupe ilani ya maandishi kuhusu wilaya hiyo kabla hujafungwa na mkataba. Hiyo karatasi isome ukiwa umekaa. Nimeona watu wakiisaini katikati ya karatasi nyingine huku kalamu haijanyanyuka.

Katika mfano wangu shule nimeipa asilimia 1.05, kaunti na wenzake 0.60, MUD 0.80. Viwango vya mtaa wenu vitakuwa vingine, hivyo weka vyenu. Kwenye sehemu ya shule kuna punguzo la homstedi, la nyumba ambayo mwenyewe unaikaa. Mwaka 2022 lilikuwa dola 40,000 za thamani ya nyumba, 2023 likapanda hadi 100,000, na Novemba 2025 wapiga kura wakalifikisha 140,000. Kwa hiyo shule inatoza dola 220,000 badala ya 360,000: 2,310. Kaunti 2,160, MUD 2,880. Jumla 7,350. Bila homstedi ingekuwa 8,820.

Homstedi haiji yenyewe. Unajaza fomu ya ofisi ya uthamini, bure, na leseni yako ya udereva iwe na anwani ya nyumba hiyo hiyo. Ukishanunua utapokea barua zenye nembo za kutisha zikitaka ada ili "wakusajilie". Tupa. Faida nyingine ni kwamba ukishakuwa nayo, kuanzia mwaka unaofuata thamani inayotozwa haiwezi kupanda zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, hata soko lichachamae vipi.

Nenda kwenye bima. Hapa sitaki utumie namba yangu wala ya shemeji. Pigia simu mawakala wawili na anwani kamili mkononi, maana umri wa paa na umbali kutoka pwani hubadilisha kila kitu. Nitaweka 4,300 ili hesabu isonge. Uliza pia utabeba kiasi gani mwenyewe paa likichukuliwa na upepo au mvua ya mawe, kwani upande huo wa Texas mara nyingi huandikwa kama asilimia ya thamani ya nyumba. Asilimia 2 ya 360,000 ni dola 7,200 kutoka mfukoni mwako kabla bima haijatoa chochote.

Basi: kodi ya mapato umeokoa 5,500. Kodi ya majengo imeongezeka 3,150. Bima imeongezeka 1,700. Zimebaki 650, na chama cha wenye nyumba cha mtaa mpya hakijadai ada yake. Hicho nacho kina meno: usipolipa kinaweza kukufikisha mpaka nyumba iuzwe.

Mafuriko ni jambo la pekee. Bima ya kawaida ya nyumba hailipi mafuriko. Agosti 2017, kimbunga Harvey kilipojaza mabwawa ya Addicks na Barker, maji yaliingia kwenye mitaa iliyojengwa nyuma ya mabwawa hayo, mingine upande huo huo wa Katy, na wengi hawakuwa na bima ya mafuriko kwa sababu ramani hazikuwalazimisha kuikata. Usiridhike na kuambiwa "hatuko kwenye eneo la mafuriko". Uliza kama kiwanja kiko ndani ya eneo la kuhifadhia maji la bwawa. Bima ya mafuriko ya serikali kuu kwa kawaida huanza kufanya kazi siku 30 baada ya kuikata, isipokuwa imekatwa pamoja na mkopo wa kununulia nyumba, kwa hiyo kungoja mpaka kimbunga kitajwe kwenye taarifa ya habari ni kuchelewa.

Yote hayo, mdogo wangu, ni madogo. Kubwa hukuliuliza kabisa, ingawa umeliandika mwenyewe: riba ya asilimia 3.

Mkopo wako wa sasa ulikuwa dola 240,000, na kila mwezi, ukiacha kodi na bima, unalipa kama 1,012. Ukinunua ya 360,000 na kutanguliza asilimia 20, utakopa 288,000. Kwa riba ya asilimia 6.5 utalipa 1,820. Tofauti ni dola 808 kwa mwezi, zaidi ya 9,600 kwa mwaka. Hiyo pekee inameza kodi ya mapato yote uliyokuwa unaikimbia Minnesota na kurudi kuomba nyingine. Hata kama ungekopa 288,000 hizo hizo kwa asilimia 3 ungelipa 1,214, kwa hiyo sehemu kubwa ya ongezeko haitokani na ukubwa wa nyumba. Ni bei ya fedha tu. Riba mpya ikishuka unaweza kukopa upya. Ile ya 2021 ukiiachia, imekwenda.

Atatokea mtu wa kukuambia kodi ya majengo utaidai kwenye fomu za serikali kuu. Kikomo cha kodi za majimbo na mitaa unazoweza kutoa kwenye mapato yanayotozwa, kilichokuwa dola 10,000, kilipandishwa hadi 40,000 mwaka 2025, ni kweli. Lakini wanandoa wana punguzo la kawaida, linalotumika badala ya kujumlisha kodi na riba hizo, la dola 31,500 kwa mwaka huo, na familia nyingi za kipato chenu hazilifikii hata wakijumlisha riba na kodi. Usiitie kwenye bajeti.

Vidogo vingine nitavipitia haraka. Texas kodi ya mauzo hufika asilimia 8.25, na nguo na viatu hutozwa. Minnesota nguo hazitozwi, jambo ambalo mzazi wa watoto wanaokua hulitambua baada ya kuhama. Gesi ya kupasha moto nyumba utaisahau, umeme wa kiyoyozi utakukumbuka.

Kama sababu ya kuhama ni ndugu, baridi, au mke wako amepata kazi nzuri, hameni, hizo ni sababu za watu wazima. Ila msiuze haraka. Pangeni Katy mwaka mmoja, na ya Brooklyn Park mpangishe. Jueni tu kwamba mkishaipangisha itapoteza hadhi ya nyumba ya kuishi na kodi yake ya majengo itapanda kidogo, na bima lazima ibadilishwe iwe ya nyumba ya kupangisha. Sheria ya kodi ya faida ya kuuza nyumba inawapa nafasi: mkiwa mmeimiliki na kuikaa angalau miaka 2 kati ya 5 iliyotangulia kuiuza, wanandoa hawatozwi kwenye faida ya hadi dola 500,000, isipokuwa ile sehemu ya punguzo la uchakavu wa nyumba mliyoidai kwenye kodi wakati wa kupangisha. Mna muda wa kutosha kuona mvua za huko zinavyonyesha.

Dada, habari za kazi? Sisi tuko Jersey City, tumechoka na kodi ya majengo ya dola 11,000. Tumepata nyumba karibu na Orlando, dola 400,000. Tumeangalia rekodi za kaunti wenyewe: mwenye nyumba wa sasa analipa dola 2,100 tu! Dalali amethibitisha. Hiyo si akiba ya karibu elfu tisa kwa mwaka? — Tumechoka, New Jersey

Salama, karibuni. Kuchoka kwenu nakuelewa. Mwaka 2024 wastani wa bili ya kodi ya majengo New Jersey ulipita dola 10,000 kwa nyumba, na hakuna jimbo linaloifikia.

Rekodi mmeisoma sawasawa, ila 2,100 ni ya mwenye nyumba wa sasa, na ataondoka nayo. Florida ina kinga inayoitwa Save Our Homes: mwenye kuishi kwenye nyumba yake, thamani inayotozwa haipandi zaidi ya asilimia 3 kwa mwaka, au mfumuko wa bei ukiwa chini ya hapo. Aliyenunua miaka 20 iliyopita anatozwa kama vile soko halijui alipo. Siku nyumba ikiuzwa kinga hiyo inakufa, na tarehe 1 Januari inayofuata kaunti inaithamini upya kwa bei ya soko. Kwa nyumba ya 400,000, ukitoa punguzo la homstedi la takriban dola 50,000, na viwango vikijumlishwa asilimia 1.7, mtalipa karibu 6,000. Mkifunga ununuzi Machi, mwaka huo wa kwanza mtafaidi bili ya mwuzaji, na hapo ndipo watu hujiona wameshinda.

Karibu kila kaunti ya Florida ina kikokotoo kwenye tovuti ya mthamini: unaweka bei ya ununuzi, inakupa bili ya mnunuzi mpya. Tumieni hicho, rekodi ya mwuzaji muiache. Fomu ya homstedi mwisho wake ni tarehe 1 Machi. Na bili mkiilipa Novemba mnapunguziwa asilimia 4, ingawa mwenye mkopo hulipiwa na mkopeshaji.

Wasomaji mnaoelekea California au Michigan, mtego ni huo huo. California, tangu kura ya 1978, thamani inayotozwa haipandi zaidi ya asilimia 2 kwa mwaka mpaka nyumba ibadilishe mkono. Michigan, tangu 1994, ni asilimia 5 au mfumuko wa bei, kilicho kidogo. Majirani wawili wenye nyumba pacha wanaweza kulipa bili zilizoachana mara tatu.

Kwa hiyo akiba yenu kwenye kodi ni kama elfu tano, kabla ya bima. Bima ya Florida ni miongoni mwa ghali kabisa Marekani, na swali la kwanza la wakala litakuwa paa lina miaka mingapi. Likiwa limepita 15, kampuni kadhaa zitakata simu. Mwombeni mwuzaji ripoti ya ukaguzi wa upepo, ile inayoonyesha paa limefungwaje kwenye kuta na kama madirisha yana kinga. Ripoti nzuri hupunguza bima kweli kweli.

Mtatishiwa pia na "kodi ya kuondoka" New Jersey. Ni malipo ya awali ya kodi ya mapato juu ya faida ya kuuza, hudaiwa wanaouza wakiwa si wakazi tena. Kama mnauza nyumba mliyokuwa mkiikaa na faida haizidi msamaha wa serikali kuu niliomweleza Baba wa Wawili, kuna fomu ya GIT/REP-3 ya kujaza siku ya kusaini, na mwanasheria wenu anaijua.

Dada hujambo? Mimi ni mpangaji Seattle, pango dola 2,300. Mwajiri kaniruhusu kufanya kazi nikiwa popote, nami nataka kwenda Columbus, Ohio, ambako nimeona nyumba kama hii kwa 1,450. Mshahara ni dola 60,000. Kodi ya majengo inanihusu nini mimi nisiye na nyumba? — Mpangaji, Seattle

Sijambo, mwanangu. Inakuhusu kupitia kwa mwenye nyumba, ambaye bili yake ikipanda anaweza kuihamishia kwenye pango lako. Kaunti za Ohio huthamini upya kila miaka sita na kufanya marekebisho mwaka wa tatu. Franklin, yenye Columbus, ilithamini upya 2023, na marekebisho yake ni 2026, bili zake zikitoka 2027. Ukipata mkataba wa miezi 18 badala ya 12, uchukue.

Ila kodi itakayokushtua ni nyingine. Jimbo lako la Washington halikati kodi ya mapato kwenye mshahara. Ohio inakata, kuanzia 2026 asilimia 2.75 kwa mapato yanayozidi dola 26,050. Halafu jiji lenyewe linakata: Columbus asilimia 2.5 tangu senti ya kwanza, kwako ni 1,500 kwa mwaka. Ukifanyia kazi sebuleni kwako, jiji unalokaa ndilo linalokudai. Na baadhi ya wilaya za shule zina kodi yao ya mapato juu ya hayo, hata kwa mpangaji asiye na mtoto: Reynoldsburg nusu asilimia, Pickerington asilimia 1. Ingiza anwani ya nyumba kwenye tovuti ya idara ya kodi ya jimbo kabla hujalipa amana, itakuonyesha zote.

Hata hivyo kwenye pango unaokoa 10,200 kwa mwaka, na kodi zote hizo hazifiki 3,500. Nenda. Kwanza lakini mwulize mwajiri, kwa barua pepe, kama mshahara wa 60,000 unabaki ukihama, maana zipo kampuni zinazokata mshahara kwa kufuata jimbo. Na mwambie aanze kukukatia kodi ya jiji kuanzia malipo ya kwanza, la sivyo Aprili utadaiwa yote kwa mkupuo.